Kisima cha Kuigiza

Mdogo wangu alikuwa mwoga, na nasema hivyo kwa kumsifu. Katika kazi yetu ya kuchimba visima, kibarua akikuambia haogopi kitu, mpe chake aende zake, la sivyo kesho utamfukua. Marehemu baba alitulea kwa msemo ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeufuata: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nyumbani kwetu vicheko vilikuwa vingi.

Tulifanya kazi wawili. Yeye alishuka, mimi nilishika kamba. Watu walimwita Fuko, kwa ajili ya yule mnyama anayeishi chini ya ardhi, na jina likamganda mpaka mkewe akalizoea. Mimi waliniita Mama Kamba. Wateja wakija na kukuta mwanamke mtu mzima amesimama mdomoni mwa shimo, walimuuliza Fuko, "Na huyu?" Naye akawajibu, "Huyu ndiye fundi. Mimi ni mzigo wake." Maneno alikuwa nayo, yule mtoto.

Utaratibu wetu haukuwa na mengi. Mtu akiwa chini, mshika kamba hali, hanywi, hapokei simu. Ukuta wa udongo hauachwi uchi. Kila tunavyoteremka tunateremsha pete za zege, na kama pete hazijafika tunaweka mbao. Na la mwisho, ambalo wageni hulishangaa: udongo ukimkamata mtu, hakuna anayeshuka kumfuata. Anayeshuka kwa kiherehere anamwongezea mwenzake kifusi. Aliyekamatwa atulie, apumue kidogo kidogo, angoje. Aliye juu azunguke amfuate kwa ubavu. Hayo yalishatupata zamani, Fuko akiwa bado anaanza kazi. Alinisubiri tangu asubuhi hadi alasiri, na nilipomtoa alikuwa amejikojolea na anacheka.

Kisha kikaja kile kitabu. Mke wa Fuko, wifi yangu, ni msusi, na mteja mmoja alikisahau saluni kwake. Akawa anatusomea jioni baada ya chakula, sura moja moja. Kilikuwa kinamhusu mtu aliyeshuka kusafisha kisima chake, ukuta ukaanguka, akabaki humo peke yake huku jirani zake wakidhani amesafiri. Akaishi kwa kulamba maji ya ukutani. Mwishowe akachonga ngazi kwenye udongo kwa kifungo cha mkanda wake, akapanda mpaka akatoka.

"Mtu huyu ni mpumbavu," nikasema siku ya kwanza. "Ameshukaje peke yake? Kitabu kingeishia hapo hapo."

"Kingeishia hapo, dada, sisi tungesomewa nini?" Fuko akaniuliza.

Wifi akatuambia tunyamaze wote wawili, anapoteza mstari.

Nitakuwa mwongo nikisema hakikunigusa. Ilikuwapo sura nzima ambayo yule mtu hafanyi lolote ila kuogopa. Analia, anatukana, anamwahidi Mungu mambo ambayo hana nia ya kuyatimiza, anajisaidia palepale alipokaa. Baada ya hapo ndipo anaanza kuchonga. Nilinyamaza kwa heshima. Aliyeandika vile alikuwa ameshakaa mahali penye giza, au alimsikiliza vizuri aliyekaa.

Ndiyo maana watu wa filamu walipokuja kutuambia wanakigeuza kitabu kile kuwa picha, na wanatafuta mafundi wa kuwachimbia kisima, sisi tuliona kama tumeitwa na ndugu. Wifi alipiga vigelegele. Usiku ule nilimwona Fuko akijitazama kwenye kioo cha saluni, akigeuza shingo huku na huku. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi mahali ambapo hakuna mtu anayemwona.

Kazi ilikuwa kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, nje ya mji. Mwongozaji wa filamu alikuwa mtu wa adabu, na mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mshenzi ningejua namna ya kumchukia. Alitusalimia kila asubuhi, alituuliza kama tumekunywa chai, na alikuwa anakijua kile kitabu kwa moyo. Ila alikuwa ameitoa ile sura ya kuogopa.

"Mama, watu hawalipi kiingilio kuja kumwangalia mtu mzima akilia shimoni," alinieleza. "Wanataka kuona mtu asiyetetereka."

"Basi wanataka kuona maiti," nikamwambia.

Akacheka sana, akawaita wenzake niirudie. Sikuirudia.

Kisima chenyewe kilikuwa na kina cha watu watatu waliosimama mmoja mabegani mwa mwingine. Walitaka kichimbwe ukingoni, karibu na mteremko, ili upande wa chini wakate mtaro mpaka kwenye ukuta wa shimo na kutoboa dirisha la kamera. Kwa njia hiyo wangempiga picha mtu akiwa amekaa chini kabisa, bila kuning'inia na mashine zao juu. Niliwaambia ukuta wenye dirisha ni ukuta mgonjwa. Pete za zege wakazikataa, kwa kuwa kisima cha kitabuni ni cha udongo mtupu. Tukavutana, tukakubaliana mbao. Fuko akazipanga vizuri, akakazia za karibu na dirisha mara mbili, na kila mbao ilipoonekana kwenye picha mwongozaji alishusha pumzi kama mtu aliyeona nzi kwenye chai.

Mwigizaji mkuu walimwita Nyota. Uso wake ulikuwa kwenye mabango ya sabuni barabara nzima ya kuingia mjini, na kwa macho ya karibu alikuwa mzuri kuliko mabango. Siku ya kwanza tulimshusha. Alipofika chini akaanza kuhema, akashika ukuta, akasema nitoeni, nitoeni. Nilimvuta mwenyewe. Alitoka na rangi ya majivu, akaenda kukaa nyuma ya lori, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena kisimani. Picha za uso walimpiga kwenye ukuta wa kuigiza walioujenga hemani. Picha za mgongo, mikono na miguu akapewa Fuko, kwa kuwa walilingana umbo.

Vijana wa taa hawakumwacha. "Shujaa wetu anaogopa shimo lake mwenyewe," walisema, naye anasikia. Fuko peke yake ndiye aliyekwenda kukaa naye nyuma ya lori.

"Achana nao, kaka," alimwambia. "Hawa hawajawahi kushuka hata ngazi za duka. Ile hofu uliyopata ni ya maana. Mimi inanipata kila siku."

Nyota akamwangalia kana kwamba anataniwa.

Siku ya mkasa kulikuwa kumenyesha alfajiri. Nilishuka mwenyewe kuukagua ukuta, nikarudi nikasema tusubiri kesho, udongo ulale. Mwongozaji akasema kesho kamera ya juu inarudi kwa wenyewe. Alitaka picha moja tu kutoka juu kabisa: mtu mdogo chini ya shimo kubwa, hana kamba, hana mbao, hana msaada.

"Kamba itoke," akasema Fuko alipokwisha kushuka, "na mbao za pande hizi mbili. Kwa muda mfupi tu, mama."

"Haitoki."

"Kitabuni yuko peke yake."

"Kitabuni mchanga ni wa karatasi," nikamjibu, nikaenda kukaa juu ya ncha za zile mbao, zilizochomoza mdomoni mwa shimo, kama kuku anayeatamia. Nilikuwa nimeshika kamba, na upande wa pili wa kamba alikuwa mdogo wangu, na nilijua hakuna wa kuniinua pale.

Hakuna aliyeniinua. Ila kutoka chini nikasikia, "Dada, waachie. Nimeuangalia ukuta, utanivumilia."

"Fuko, usinitanie."

"Waachie bwana. Watu wataniona."

Akafungua fundo mwenyewe. Kamba ikaja juu nyepesi mikononi mwangu, na nimeshika kamba miaka mingi lakini sijawahi kushika kitu kibaya kama wepesi ule. Nikainuka kumpigia kelele, na nilipoinuka tu vijana wakaziondoa zile mbao. Nilimtukana mwongozaji, nikamtukana Fuko, nikawatukana na wazazi wao, na kwa Fuko hao walikuwa wazazi wangu pia. Mtu wa kunasa sauti alivua vitu vyake masikioni. Mwongozaji akanyanyua mkono, kwa adabu, akasema, "Anza."

Ukuta wa upande wa dirisha ulivimba kwanza. Niliuona ukivimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu, kisha ukashuka wote kwa pamoja. Sauti haikuwa kubwa. Vumbi lilipotulia nikasikia, "Dada."

Watu wote walikimbilia mdomoni mwa shimo, mwongozaji akiwa wa kwanza. Nilichukua mpini wa sururu nikawarudisha nyuma, na wawili kati yao niliwapiga kweli. Nikalaza mbao ndefu, nikalala juu yake kifudifudi, nikachungulia. Mchanga ulikuwa umemfika kifuani. Mkono mmoja ulikuwa nje, kofia ngumu ilikuwa bado kichwani, na macho yalikuwa makubwa.

"Unapumua?"

"Kidogo."

"Miguu?"

"Wa kushoto umekunjika, siuhisi vizuri. Wa kulia umenyooka, uko upande wa dirisha."

"Unaogopa?"

"Naogopa, dada. Nisamehe."

"Nitakusamehe ukitoka. Sasa nisikilize. Usijikwamue. Usiniite, usipige kelele, tunza pumzi zako. Naja kwa ubavu, kwa ule mtaro wa kamera. Utanihisi miguuni kabla hujaniona. Umenielewa?"

"Fanya haraka," akasema. Kisha, kwa kuwa alikuwa Fuko, akaongeza, "Lakini usifanye haraka sana."

Nilizungushia kamba eneo lote la juu, nikamwambia mwongozaji mtu asiivuke hata kwa unyayo, hata kama Fuko atalia, hata kama atanyamaza. Aliitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule. Zimamoto walishapigiwa simu na walisema wako njiani, lakini zimamoto wakisema wako njiani huwezi kujua ni njia gani. Nikateremka mtaroni na dereva wa lori, mtu mnene asiyesema sana, ambaye sikumwomba. Alikuja tu, amebeba meza ya kulia chakula kichwani.

Kufukua mchanga kwa ubavu ni kazi ya kichaa. Unatoa karai moja, zinashuka mbili. Unachomeka mbao juu ya kichwa chako, unaikaza kwa gongo, unasogea mbele kiasi cha kiganja, unachomeka nyingine. Beleshi halifai, lina papara. Nilitumia sahani ya bati, kisha mikono. Meza tuliikata miguu tukaifanya dari. Dereva alikuwa nyuma yangu anapokea karai na kuvuta, na kila mara aliniuliza swali lile lile, "Tusogee?" na mimi nikamjibu, "Bado." Nilikuwa nimelala kwa tumbo kwenye tundu la upana wa mabega yangu, mchanga uko masikioni, na nilikuwa naogopa vizuri, kama nilivyofundishwa.

Huko juu watu hawakuwa na la kufanya, na mtu asiye na la kufanya ni hatari kuliko ukuta. Kuna wakati mpaka-rangi, yule dada wa vipodozi, alikuja kwenye mdomo wa mtaro akaniita.

"Mama, anaugulia kule. Njoo basi umwone."

"Mwambie nipo."

"Njoo mwenyewe! Ni ndugu yako yule."

"Mwambie nipo, uondoke hapo."

Nikasikia akiondoka huku akimwambia mwenzake, "Dada gani huyu? Ana jiwe moyoni." Sikuwa na pumzi ya kumjibu, na hata ningekuwa nayo nisingeipoteza kwake.

Mambo yaliyofuata juu niliyasikia baadaye kwa watu, kila mmoja na toleo lake, lakini yanakutana hapa: Fuko alinyamaza. Alinyamaza kwa kuwa nilimwambia anyamaze. Wao wakadhani anakufa. Mtu mmoja akaanza kulia, mwingine akasema hatuwezi kusimama tu hapa kama magogo. Kijana mmoja wa taa akamtazama Nyota, akaendelea kumtazama. Nyota akavua koti. Akajifunga kamba kiunoni, fundo likamshinda mara ya kwanza, akasema, "Mimi nashuka." Mwongozaji hakumzuia. Aliniambia siku ya mazishi kwamba alishindwa kufungua mdomo, kwa sababu katika maisha yake yote alikuwa hajaona kitu kizuri namna ile.

Na kilikuwa kizuri. Sitaki kumdhulumu Nyota. Yule kijana aliliogopa shimo lile kuliko kifo, na akashuka. Kama ushujaa ni kitu, ndio ule. Wakakamata kamba wengi, wakasimama ukingoni wote, na mguu wake ulipopita mdomo wa shimo wakampigia makofi.

Makofi niliyasikia. Yalinijia kupitia udongo, kwa mbali, nikamwambia dereva, "Zimamoto wamefika." Nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu dakika ile ile vidole vyangu viligusa ngozi ya kiatu.

Nilikizunguka kwa mkono. Kiatu, soksi, kifundo cha mguu. Kilikuwa cha moto. Nikafungua kamba za kiatu kwa vidole, nikakivua, nikamfinya kidole gumba kama nilivyokuwa nikimfinya akiwa mtoto hataki kuamka kwenda shule. Vidole vyake vikajikunja. Vikakandamiza kiganja changu, vikaachia, vikakandamiza tena.

"Nimempata!" nikamwambia dereva. "Leta mbao ndefu. Nimempata, yuko hai." Nilikuwa nalia na kucheka, mchanga unaingia mdomoni, na nilikuwa namwambia Fuko maneno ya kijinga kupitia ukuta, kwamba atalipa meza ya watu. Kilichobaki ni kulaza mbao juu ya goti lake, kuuchomoa mchanga chini ya mapaja kidogo kidogo, na kumvuta kwa ubavu. Nimeshaifanya kazi hiyo. Naijua.

Kisha juu yetu ardhi ikaguna. Meza ikapasuka katikati. Nilikuwa bado nimekishika kile kifundo, na nilikihisi kikivutwa kwa nguvu, mara moja, kama samaki kwenye ndoano. Halafu dereva akanivuta mimi kwa miguu, naye ndiye aliyeniokoa, ingawa sikumshukuru wakati ule na nilimpiga teke la uso.

Nilipotoka kwenye mtaro nikasikia kelele za furaha juu. Walikuwa wanapiga mayowe, "Yuko hai! Ametoka! Yuko hai!"

Nilipanda ule mteremko kwa mikono na magoti. Hakuna aliyewahi kupanda mteremko kwa furaha kama ile, na Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaanza kumtukana Fuko kimoyomoyo kwa kunitia hofu. Nikawapasua watu, nikafika katikati yao. Aliyelala pale chini, mkono umevunjika, mchanga kwenye nyusi, watu wamemkumbatia kichwa, alikuwa Nyota.

Nikatazama shimoni. Hapakuwa na shimo.

Zimamoto walimfikia Fuko jioni. Sitasema alikuwaje. Nilimwosha uso kwa kitenge changu kabla wifi hajafika, na pua na mdomo vilichukua muda.

Siku ya pili picha ya Nyota ilikuwa kwenye magazeti, bandeji begani. Walimwita shujaa wa filamu na wa kweli. Fuko walimwita kibarua. Mwongozaji alikuja msibani, akalia machozi halisi, akasema filamu itaanza kwa maandishi ya kumkumbuka marehemu. Nilimwambia anywe chai. Sikuwa na nguvu ya kumchukia.

Lakini mzigo wangu haukuwa mwongozaji wala magazeti. Ulikuwa wifi. Yule mpaka-rangi alikuja kumpa pole, wakakaa pamoja, na akamsimulia alivyoona kwa macho yake: Fuko alivyokuwa anaugulia, nami nilivyokataa kwenda kumtazama. Kila neno lilikuwa kweli. Tangu hapo wifi hakunisemesha. Aliniwekea chakula, akaniondolea sahani, akapita. Siku ya arobaini ilipokwisha na watu wakatawanyika, alinigeukia jikoni.

"Nataka kukuuliza jambo moja tu," akasema. "Alikufa akijua uko wapi?"

"Nilikuwa nimemshika mguu, wifi. Nilimfinya kidole, akanijibu."

"Mguu hucheza hata kwa aliyezimia. Wewe mwenyewe ulishawahi kuniambia."

Kweli nilishawahi kumwambia. Na lilikuwa swali langu pia. Nilikuwa nalala nalo na kuamka nalo. Nilimwambia Fuko atanihisi miguuni, lakini je, alinihisi? Au vidole vilicheza tu kama vinavyocheza vya kuku aliyechinjwa, na yeye huko juu, macho wazi, alikuwa anahesabu kwamba dada yake hakuja?

Ndipo Nyota akatuma mtu kuniita. Alikuwa amerudi hospitali kunyooshwa mkono upya, yuko kwenye chumba cha peke yake, maua mpaka dirishani. Aliwaomba wageni wake watoke. Alikuwa amekonda, na bila wale watu alionekana mtoto.

"Mama," akasema, "kila mtu ananipongeza. Silali."

Nikavuta kiti nikakaa. Sikumsaidia kuanza.

"Nilipofika chini nilidhani atafurahi. Alikasirika. Alinong'ona, kwa sababu pumzi ilikuwa ndogo, akasema, 'Rudi juu, kaka. Usikanyage hapo. Dada ameshafika, amenishika mguu.' Nikaangalia. Palikuwa na mchanga mtupu. Hakuna mtu. Na mama, siku moja kabla tulikuwa tumepiga picha ile sehemu ambayo yule mtu anamwona marehemu mama yake amekuja kumshika mkono, na hakuna mama wala nini, ni akili inamruka kwa sababu anakufa. Kitabuni iko hivyo. Nimeisoma labda mara mia. Nikajua naye amefika hapo, anaweweseka. Nikasema huyu anakufa mikononi mwangu, nikaanza kufukua kwa nguvu zangu zote. Akawa anasema tu, 'Acha, acha, amenishika, acha.' Nikamwambia jipe moyo, kaka."

Nje ya mlango wageni wake walikuwa wanacheka jambo fulani.

"Nimekuita nikuulize," akasema. "Alikuwa anaweweseka, sivyo?"

Alikuwa ananiangalia kama watu wanavyomwangalia daktari. Neno moja tu lingemtosha, na ningempa alale. Alikuwa mtoto wa watu, na alishuka huku anaogopa, na hakumtakia mdogo wangu mabaya. Yote hayo niliyaona. Lakini neno lile halikuwa langu kulitoa. Lilikuwa la mwanamke mwingine, na alikuwa ameshalisubiri vya kutosha.

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa nimemshika."

Sikukaa kuona uso wake. Nilifunga mlango taratibu, nikapita katikati ya wageni, nikatembea mpaka saluni. Wifi alikuwa amesimama nyuma ya mteja, kitana mkononi. Sikumsalimia.

"Alijua," nikasema. "Alimwambia yule kijana kwa mdomo wake. Alisema dada ameshafika, amenishika mguu."

Kitana kikabaki hewani. Mteja akatutazama kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine.

"Mguu gani?" wifi akauliza.

"Wa kulia."

Akakaa chini sakafuni palepale, katikati ya nywele zilizokatwa, akaanza kulia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu tumzike.